Ramani ya Kwenda Nyumbani kwa Mgonjwa

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, mjukuu wake wa miaka sita amelala mapajani pake, shavu la kulia limevimba mpaka jicho limefumba. Mezani palikuwa na fomu ya ridhaa yenye kurasa kumi na mbili. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne, panapoelezwa kwamba dawa atakayopewa mtoto sitaichagua mimi wala yeye, itapangwa kwa bahati nasibu. Akanisimamisha kwa mkono.

"Daktari, bahati nasibu ni ile ya redioni?"

"Si hiyo, bibi. Ni namna ya kugawa tu."

"Mjukuu wangu simchezei bahati nasibu."

Nikaifunga fomu. Neno tulilolitoa kwenye mchezo wa pesa tumelibebesha kazi ya kueleza jambo la haki kuliko yote katika utafiti, kisha tunashangaa watu wakikataa. Fomu ile ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, ikarudishwa Kiingereza na mtu mwingine ili kuhakikisha maana haijapotea, ikapita kwenye kamati ya maadili na kupigwa mhuri. Katika safari yote hiyo hakuna aliyekuwa amemsomea bibi yeyote wa Kisukuma.

Nikaanza upya. Kuna njia mbili za kumtibu mtoto huyu, nikamwambia. Zote zinatumika katika hospitali kubwa, na hakuna daktari anayejua kwa hakika ipi inaizidi nyingine. Nikichagua mimi, nitawapa watoto walio hoi ile ninayoipenda moyoni, na mwisho hatutajua kama aliyepona aliponywa na dawa au alikuja na nafuu yake. Kwa hiyo karatasi zimewekwa kwenye bahasha, bahasha zimefungwa, na inayofuata ndiyo ya mtoto anayefuata. Simpendelei mtu wala simwonei mtu.

Akatazama bahasha zile kwa muda. Kisha akauliza, "Na mkishajua ipi bora, mtakuja kuniambia?"

Nimemtaja bibi huyu mwanzoni kwa sababu, kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye vituo vya saratani vya kanda zetu, sijasikia mtu aliyeeleza jaribio la tiba kwa ufupi kumzidi. Ni makubaliano ya pande mbili. Mgonjwa anakubali kurudi kila alipopangiwa, hata akijisikia mzima kabisa. Sisi tunakubali kumhesabu mpaka mwisho, hata akipotea, na kumpelekea jibu. Dawa, mashine, bahasha na hesabu za wataalamu wa takwimu vinasimama juu ya makubaliano hayo. Ninapoulizwa kama kituo fulani cha kanda kiko tayari kufanya utafiti wa dawa za saratani, swali langu la kwanza halihusu mashine walizonazo. Nauliza hivi: wagonjwa hamsini wa mwisho walioanza kemo hapa, leo wako wapi?

Mara nyingi swali hilo hufuatiwa na kimya.

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa limfoma ya Burkitt, na historia yake ndiyo historia ya utafiti wa saratani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ayalandi, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka 1958 Burkitt akachapisha maelezo ya uvimbe huo. Mwaka 1961 akapanda gari kuukuu na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri kilomita zipatazo 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmeona mtoto wa namna hii? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha uvimbe unafuata joto na mvua, yaani kule kule malaria ilikokaa. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hayo yanasimuliwa sana. Linalosimuliwa kidogo, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni ripoti ya Burkitt ya mwaka 1967. Katika miaka ile dawa za kemo zilikuwa chache, na wazazi wengi waliondoka na watoto wao baada ya sindano moja au mbili. Daktari angeweza kuandika kwenye faili "hakurudi" na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Lakini watoto wale walitafutwa, na baadhi yao wakakutwa hai, bila uvimbe, miaka kadhaa baadaye. Fikiria uzito wa habari hiyo kwa wakati ule, ambapo kansa iliyosambaa mwilini ilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Saratani ilikuwa imepona kwa dozi moja au mbili za dawa! Ushahidi wake haukuwa kwenye maabara yoyote. Ulikuwa umekaa kijijini, na bila mtu kwenda kuutafuta usingejulikana.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakafungua Kituo cha Tiba ya Limfoma pale Mulago, chini ya daktari Mmarekani John Ziegler. Mwaka 1969 kikaongezwa kituo cha uvimbe wa aina nyingine, na hivyo viwili ndivyo vilivyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mgonjwa akipangiwa dawa moja na mwenzake dawa mchanganyiko, wote wawili walifuatiliwa, na mmoja asiporudi, gari lilikwenda kumtafuta kwao. Kwa kazi ya kutibu uvimbe huo kwa dawa, Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka 1972, mojawapo ya tuzo kubwa za tiba duniani. Idi Amin alikuwa ameshachukua nchi. Wageni wakaondoka, na Charles Olweny, daktari Mganda, akaipokea taasisi katika wakati ambao hata pamba na sindano zilikuwa za kuhangaikia. Utafiti uliendelea, ukiwamo wa saratani ya Hodgkin kwa watoto na wa saratani ya Kaposi.

Naomba nitaje jaribio moja la enzi hizo lililoshindwa, kwa kuwa walioshindwa huwa hawaandikiwi safu. Watafiti wa Kampala walidhani chanjo ya BCG, ile ile ya kifua kikuu, ingeamsha kinga ya mtoto na kuzuia limfoma isirudi. Wakaigawa kwa haki, kundi moja likapata na jingine likakosa, wakafuatilia. Haikusaidia kitu. Mwaka 1976 wakaandika hivyo, bila kupamba, katika jarida la madaktari la Uingereza. Watoto wangapi waliepushwa na sindano isiyo na faida kwa sababu ya uungwana huo hatutajua, ila ripoti ile ipo na jina la Uganda limo.

Sasa nieleze kwa nini kurudi ni kugumu, hasa kwa ugonjwa huu. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi kuliko uvimbe mwingine wowote wa binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ikiingia uvimbe huyeyuka kwa kasi ile ile. Mama anamleta mtoto Jumatatu haoni, hali, meno yanacheza. Jumatatu inayofuata mtoto anakula ugali na kumkimbiza mwenzake kwenye korido. Unamwambia mama kwamba bado kuna dozi tano na sindano za uti wa mgongo. Mama anatazama shavu lililorudi lilivyokuwa, anawaza watoto wengine wanne aliowaacha, mpunga uliobaki shambani na nauli aliyoikopa. Akiondoka usiku hawezi kuitwa mjinga. Macho yake yamemwambia mtoto amepona, na sisi tunamwomba ayakatae macho yake mwenyewe.

Katika kliniki zetu mgonjwa huyo tumempa jina: mtoro. Neno hilo limetoka shuleni, kwa mwanafunzi anayekimbia masomo, likaingia kliniki za kifua kikuu na sasa limefika kwetu. Silipendi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba kwenye wodi yangu halisemwi. Mtoro ni mwenye kosa. Mama aliyekosa shilingi elfu sitini za basi hana kosa, na ukishamwita mtoro umeshajiondolea wajibu wa kumtafuta.

Wajibu huo una hesabu ndani yake. Tuchukue mfano wa kubuni: watoto 100 wameingia kwenye utafiti. Baada ya miaka miwili, 55 tumewaona wako hai, 20 tunajua wamefariki, 25 hatujui walipo. Tuseme nini? Ikiwa wote 25 wamekufa, waliopona ni asilimia 55. Ikiwa wote wako hai, ni asilimia 80. Tofauti ya 55 na 80 mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya dawa mpya na ya zamani ambayo mtu angetarajia kuigundua. Maana yake ni kwamba tumetumia fedha, damu ya watoto na imani ya wazazi, na jibu tulilolipata haliwezi kutofautisha dawa nzuri na mbaya. Wataalamu wa takwimu wana mbinu za kukisia waliopotea, na mbinu hizo zinasaidia pale watu wanapopotea bila mpangilio. Kwetu wana mpangilio: wanapotea wanaokaa mbali na maskini zaidi, na wao ndio ambao dawa ilipaswa kupimwa kwao.

Kuna jaribio moja ninalowafundishia vijana kila mwaka. Lilipangwa na Mtandao wa Kimataifa wa Tiba na Utafiti wa Saratani, kwa itifaki iliyoitwa INCTR 03-06, katika hospitali nne kubwa za ukanda wa ikweta, mojawapo ikiwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi wa ripoti yake ya mwaka 2012 ni Profesa Twalib Ngoma, aliyeiongoza Ocean Road kwa miaka mingi. Kabla ya itifaki hiyo, watoto wenye Burkitt waliopona katika hospitali hizo pengine hawakuzidi asilimia 10 hadi 20. Baada yake, katika wagonjwa 356, asilimia 67 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja na asilimia 62 baada ya miaka miwili. Na kwa Burkitt, aliyevuka mwaka bila uvimbe kurudi ni nadra umrudie tena.

Wasikilizaji wangu huuliza hapo: walipata dawa gani mpya? Hakuna. Dawa zilikuwa saiklofosfamaidi, methotreksati na vinkristini, dawa za umri wa wazazi wao. Hiyo vinkristini inatokana na mmea wenye maua ya pinki wenye asili ya Madagaska, ambao watu wa Pwani huupanda uani kama pambo. Palikuwa pia na sindano za uti wa mgongo, na dawa za mkondo wa pili kwa mtoto ambaye uvimbe haukuisha au ulirudi mapema. Lililobadilika ni kwamba kila mtoto alitibiwa kwa utaratibu mmoja ulioandikwa, na dozi ya pili haikutegemea ni daktari gani yuko zamu au stoo ina nini wiki hiyo. Nidhamu ya utafiti, yaani kuandika, kuhesabu, kuuliza yuko wapi, ilifanya kazi ambayo tulizoea kuisubiri kwa dawa mpya.

Nidhamu hiyo inaonekana kwenye vitu vidogo. Vinkristini huchomwa kwenye mshipa; methotreksati ya Burkitt huchomwa pia kwenye uti wa mgongo. Vinkristini ikiingia uti wa mgongo kwa makosa, inaua, na inaua polepole mbele ya macho yako. Nesi mmoja niliyefanya naye kazi, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, hakukubali kamwe dawa hizo mbili zipite kwenye trei moja. Siku ya sindano ya mgongo, vinkristini haikutoka stoo. Ukimwomba kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, anakuambia, "Foleni itangoja, daktari." Hakuwa na shahada ya utafiti. Katika watu wote niliowahi kuwa nao kwenye timu, ningemchagua wa kwanza.

Kuna wanaosema utafiti ni anasa ya nchi tajiri, na sisi tutibu kwa kilichopo. Nawajibu kwa mfano wa Kaposi. Kwa miaka mingi mtu mwenye Virusi vya Ukimwi aliyepata Kaposi iliyokomaa, vidonda vyeusi miguuni na kinywani, katika nchi zetu alipewa bleomaisini na vinkristini, pamoja na dawa za kufubaza virusi. Palikuwapo pia matumaini makubwa juu ya etoposaidi, kwa kuwa ni ya kumeza: mgonjwa angeondoka na vidonge vyake, bila dripu, bila kulala wodini. Nani asingeipenda? Mimi niliipenda.

Kuanzia mwaka 2013 dawa hizo zilipimwa dhidi ya paklitakseli katika vituo 11 vya Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, wagonjwa 334. Kamati huru iliyokuwa ikitazama takwimu njiani, wakati sisi wengine hatuoni kitu, ililifunga kundi la etoposaidi mwaka 2016. Baada ya wiki 48, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 20 kwa etoposaidi, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao wa paklitakseli waliolinganishwa nao. Mwaka 2018 kundi la bleomaisini na vinkristini nalo likafungwa: asilimia 44 dhidi ya 64. Kidonge tulichokipenda kwa urahisi wake kilikuwa kinawaacha watu wetu. Bila jaribio hilo tungeendelea kukigawa kwa moyo mweupe mpaka leo.

Zingatia jambo moja hapo. Swali lile lilikuwa letu. Ulaya na Marekani wana dawa ghali zaidi za Kaposi na hawakuwa na sababu ya kuuliza dawa ipi ya bei nafuu inafaa. Hapo ndipo penye mgogoro wangu na baadhi ya wakuu wa vituo vyetu, ambao fahari yao ni idadi ya kampuni za dawa zilizowachagua. Kampuni ikija na dawa mpya sina ugomvi nayo. Inalipa, inafundisha vijana, inaleta friji zinazofanya kazi. Lakini kampuni haitauliza kama dozi nne zinatosha badala ya sita. Haitauliza kama mionzi ya siku chache kwa mwanamke wa Kigoma mwenye saratani ya shingo ya kizazi inaweza kuwa salama kama ya wiki tano anazolala Dar es Salaam mbali na watoto. Hakuna faida ya kibiashara kwenye kutumia dawa kidogo zaidi. Kama vituo vya kanda havitauliza, hakuna mwingine atakayeuliza kwa niaba yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawa vituo vyake vya umahiri, moyo ukaenda Tanzania, figo Kenya, na saratani Uganda, pale pale Mulago. Natamani mgawo huo ulete pia orodha ya maswali ya pamoja, ili mtoto wa Mwanza na wa Lira, Uganda, waingie kwenye utafiti mmoja na jibu lipatikane kwa miaka miwili badala ya kumi.

Kwamba tunaweza, chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi imeshaonyesha. Pale Mwanza, kuanzia 2017, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu, na kinga yao ikapimwa. Huko Kenya, wanawake vijana 2,275 wakaingia kwenye utafiti ulioonyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya aina mbili hatari za kirusi kinacholeta saratani hiyo kwa asilimia zaidi ya 97 katika miezi 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na Tanzania ikaanza kuitoa hivyo kitaifa mwaka 2024. Sindano moja badala ya mbili, kwa mamilioni ya wasichana, kwa ushahidi ambao sehemu yake imetoka kwetu. Nakiri kufuatilia msichana mzima aliye shuleni ni rahisi kuliko kumfuatilia mgonjwa, ila waliofanya kazi ile waliweka fedha na watu wa kufuatilia tangu siku ya kwanza, na wagonjwa wetu hawastahili pungufu ya hapo.

Tanzania Bara jaribio la dawa haliwezi kuanza bila kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na lazima mshiriki awe na bima endapo utafiti utamdhuru. Taratibu hizi ni nzuri na nimeshuhudia zikimlinda mtu. Mahali zinapolegea ni mwishoni. Utafiti ukifungwa, mgonjwa aliyekuwa akipata paklitakseli bure, nauli mkononi na simu ya kumkumbusha tarehe, anarudi kwenye foleni ya kawaida. Dawa iliyoonekana bora inaweza isiwepo stoo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka jambo hilo lipangwe kabla utafiti haujaanza. Kwenye maandiko mengi ya maombi niliyosoma limepewa sentensi moja, nayo ni ya jumla. Kama ningekuwa mjumbe wa kamati ningeomba tarakimu: dawa hii ikishinda, nani ataagiza, chupa ngapi, kwa fedha ya fungu lipi?

Na ningeomba bajeti ya kufuatilia isomwe kabla ya bajeti ya maabara. Fedha za bodaboda. Fedha za vocha. Mshahara wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua kuingia kwenye boma bila kumtia mwenye nyumba aibu mbele ya majirani, maana gari lenye nembo ya hospitali ya saratani likisimama mlangoni, kijiji kizima kinajua. Nauli ya mgonjwa kwenda na kurudi, na kitanda cha mama kwenye hosteli kwa siku zote za matibabu. Katika utafiti mmoja niliohusika nao, mstari wa nauli ndio uliokatwa wa kwanza fedha zilipopungua, na mashine ya kupoza sampuli ikabaki. Sampuli zilipoa vizuri. Theluthi ya wenye sampuli hizo hatukuwaona tena, na hakuna ukurasa wa ripoti ile ninaoweza kuusimamia kwa moyo wangu wote.

Tangu hapo, kabla ya kuandika lolote juu ya uvimbe, nachora ramani. Kila mgonjwa ana karatasi moja ya ziada kwenye faili, haina namba za siri wala Kilatini. Namba ya simu ya mtu haitoshi, laini hubadilishwa kama shati. Ya bibi yule ninaikumbuka: ukishuka kwenye gari senta, ulizia mashine ya kusaga ya kwanza, si ya pili. Fuata njia ya ng'ombe mpaka mwembe uliopigwa radi. Ulizia nyumba ya bibi mwenye mjukuu aliyekuwa amevimba. Chini yake jina la mwenyekiti wa kitongoji na jina la mwalimu mkuu.

Ilichukua miaka minne utafiti ule kufungwa na matokeo kutoka. Njia zote mbili zilikuwa zimelingana kwa kuponya. Ila moja ilihitaji siku pungufu wodini kuliko nyingine. Sikuwa na fedha ya safari kutoka mahali popote, nikaenda kwa likizo yangu. Mashine ya kwanza ilikuwa imefungwa, lakini mwembe bado upo, nusu mkavu nusu una maembe. Mvulana ndiye aliyetoka kwanza, mrefu, na sare ya shule, akasema shikamoo na kukimbia kumwita bibi yake.

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kama nilivyomwahidi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyu wetu alipata ipi?"

Sikukumbuka. Nikamwomba anisubiri, nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi panaposhika mtandao, nikampigia nesi wetu afungue faili.